Barua ya wazi: Mwenye lori asiwe mpelelezi, hakimu na mdai wa dereva wake

Kwa:
Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya masuala ya Kazi na Ajira;
Kamishna wa Kazi;
Kamanda wa Kikosi cha Usalama Barabarani;
Mkurugenzi Mkuu wa Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA);
Viongozi wa vyama vya wamiliki wa malori Tanzania.

YAH: LAWAMA ZA AJALI NA MAKATO YA MISHAHARA YA MADEREVA WA MALORI YA MASAFA MAREFU

Waheshimiwa viongozi,

Ninawaandikia nikiwa dereva wa malori ya masafa marefu katika njia ya Dar es Salaam hadi Tunduma na kuendelea Zambia na Kongo, na pia nikiwa mmoja wa wale ambao madereva wenzao huwatafuta wanapoitwa ofisini baada ya ajali na kuhitaji mtu wa kuwasindikiza. Ninaleta kwenu jambo moja. Lori linapopata ajali, anayeamua nani amekosea, hasara ni kiasi gani na nani ailipe, mara nyingi ni yule yule mwenye gari, aliyelipeleka au kutolipeleka gereji, aliyepanga saa ya kuondoka na saa ya kufika, na ambaye ndiye atakayepokea fedha zitakazokatwa. Katika mpangilio wa namna hiyo dereva hana pa kusimama. Ninaomba ubadilishwe, na nitaeleza kwa nini naamini kwamba sehemu kubwa ya mabadiliko hayo haihitaji sheria mpya.

Mwenendo wenyewe tunaujua sote tulio barabarani. Ajali inatokea, tuseme usiku, kwenye mteremko. Askari wa usalama barabarani wanafika, wanapima, wanachora ramani ya ajali na kuandika maelezo ya dereva kama yuko katika hali ya kuzungumza. Kampuni inatuma mwakilishi, au inampigia simu wakala wake wa mji wa karibu, na kazi ya kwanza ya mwakilishi huyo ni kuokoa mzigo, ya pili ni kuondoa gari barabarani, na ya tatu, muda ukibaki, ni kumwona dereva hospitalini au mahabusu. Siku chache baadaye dereva anaitwa ofisini. Mezani anakuta karatasi mbili: moja inasema ajali imesababishwa na uzembe wake, ya pili inasema anakubali kukatwa kiasi fulani kila mwezi mpaka hasara iishe. Anaambiwa asaini zote mbili arudi kazini, au aache kusaini na kwenda nyumbani. Hakuna aliyemwonyesha ripoti ya mkaguzi wa magari wala kumbukumbu za gereji, hajui hasara imehesabiwaje, na hajui kama kampuni ya bima imelipa au haikulipa.

Sisemi kwamba madereva hawana makosa. Wapo wanaokunywa pombe kisha wakashika usukani, wapo wanaoovateki kwenye kona wasikoona mbele, na wapo wanaoteremka milima wakiwa wameachia gia ili wabane mafuta wayauze njiani. Hao wameua abiria wa mabasi, wameua waendesha bodaboda, na wameua matingo wao wenyewe, yaani wasaidizi wao, waliokuwa wamelala kitandani nyuma ya kiti. Dereva wa aina hiyo akithibitika, aadhibiwe, na sitamsindikiza ofisini kumtetea. Hoja yangu inakaa katika neno hilo, kuthibitika. Uzembe ni jambo la kuthibitishwa kwa ushahidi, na sasa hivi karibu ushahidi wote uko mikononi mwa upande mmoja.

Chukueni mfano wa mlima wa Kitonga, kwa kuwa hakuna dereva wa njia hii asiyeujua. Lori lenye kichwa (sehemu ya mbele yenye injini) na tela, likiwa na uzito unaoruhusiwa katika Jumuiya ya Afrika Mashariki wa hadi tani 56, likiteremka mlima ule halizuiwi na breki za miguu peke yake. Dereva anatakiwa aingize gia ndogo kabla ya mteremko kuanza, aiachie injini ifanye kazi ya kulishika gari, na akanyage breki kwa vipindi. Akizikanyaga mfululizo zinapata moto, na zikishapata moto zinashika kidogo kidogo mpaka zisishike kabisa. Kwa hiyo gari likishindikana pale na kupinduka, kuna maelezo mawili yanayofanana sana kwa mtu anayetazama mabaki. La kwanza ni kwamba dereva aliteremka kwa gia kubwa akazichosha breki. La pili ni kwamba breki zenyewe zilikuwa zimelika, au upepo ulikuwa unavuja, au tela lilikuwa halishiki kabisa kwa sababu fundi aliziba mpira wa upepo wa gurudumu moja au mawili ili gari litoke gereji liwahi kupakia. Likiwa hili la pili, kichwa peke yake kinabeba kazi ya kuzuia kichwa na tela, na hata dereva aliyefuata kila kanuni atafika mahali ambapo mguu unakwenda hadi chini na gari linaendelea kuongeza mwendo.

Namna ya kutofautisha haya mawili ipo. Mkaguzi mwenye ujuzi akilikuta gari kabla halijaguswa ataona unene wa kitambaa cha breki kilichobaki, ataona kama ngoma za breki zimeungua zote au za kichwa tu, ataona kama mipira ya upepo imezibwa, na ataona gia iliyokuwa imeingia. Ngoma za kichwa zilizobadilika rangi kwa moto huku za tela zikiwa za kawaida zinasema wazi kwamba tela lilikuwa halifanyi kazi. Lakini ushahidi huo unaishi kwa muda mfupi. Gari likivutwa hadi kwenye yadi ya mwenye mali na mafundi wake wakaanza kufungua spea zinazofaa kwa gari jingine, limebaki neno la kampuni dhidi ya neno la dereva, na sote tunajua ni lipi linaloandikwa kwenye barua.

Kisha kuna kifaa cha kufuatilia gari. Siku hizi karibu kila kampuni kubwa ya malori imefunga GPS, na ni jambo jema, kwa kuwa kifaa hicho kinaweza kumwokoa dereva mwema kama kinavyoweza kumnasa mbaya. Tatizo ni jinsi taarifa zake zinavyotumika. Dereva anaitwa na kuonyeshwa mstari mmoja tu kwenye kompyuta: saa fulani, mahali fulani, kilomita 92 kwa saa. Anaambiwa huo ndio uzembe wake. Lakini mwendo wa sekunde za mwisho za gari lililokosa breki utakuwa mkubwa hata kama lilianza kuteremka polepole kabisa, na namba hiyo haitofautishi chanzo cha ajali na matokeo ya hitilafu. Kinachotakiwa kutazamwa ni taarifa nzima: gari lilifika juu ya mteremko likiwa na mwendo gani, mwendo ulipanda ghafla au kidogo kidogo, na kifaa kinatuma taarifa kila baada ya sekunde ngapi, maana kingine hutuma mara moja kwa dakika na katikati hapo hakina habari yoyote. Dereva akiomba taarifa nzima ya safari anaambiwa ni siri ya kampuni. Sioni inawezekanaje taarifa iwe siri kwa anayeshtakiwa kwayo ilhali ni hoja kwa anayemshtaki.

Jambo la gereji linanigusa zaidi ya yote, kwa sababu hapo ndipo dereva anapogeuziwa kibao. Kabla ya safari dereva humwambia msimamizi wa yadi kwamba breki za nyuma hazishiki vizuri, au tairi mbili za tela ni vipara, au taa za nyuma za tela haziwaki. Humwambia kwa mdomo. Msimamizi humjibu kwamba gari limeshapangiwa mzigo, aende nalo hivyo hivyo, spea zitapatikana akirudi. Akikataa, kesho yake atakuta kichwa amepewa deiwaka, dereva wa kibarua cha siku, na yeye anazurura yadi bila posho. Akikubali na gari likaanguka, swali la kwanza atakaloulizwa ofisini ni hili: kama ulijua gari ni bovu, kwa nini uliliendesha? Kwa hiyo kusema kunamponza, na kunyamaza kunamponza pia. Na ikiwa hapajaandikwa kitu, msimamizi yule yule aliyemwambia aende ndiye atakayeketi kwenye kikao akisema hakuwahi kupokea malalamiko yoyote.

Mzigo nao una yake. Kontena linalotoka bandarini hufika kwa dereva likiwa limefungwa na kutiwa lakiri, na si halali wala si busara kwake kulifungua atazame jinsi vitu vilivyopangwa ndani. Ikiwa mzigo umeegemea upande mmoja, au haukufungwa ukaanza kuhama kwenye kona, lori litapinduka kwa mwendo ambao jana yake lilipita kona ile ile salama. Tiketi za mizani za Vigwaza, Mikese, Wenda, Makambako, Uyole na Mpemba zinaonyesha uzito wa kila ekseli, na mara nyingine zinatoa dalili ya mapema kwamba mzigo umekaa vibaya. Tiketi hizo ni ushahidi wa dereva. Hata hivyo hukabidhiwa ofisini mwisho wa safari pamoja na risiti za mafuta, na siku ya kikao hazionekani.

Waheshimiwa, naomba nieleze jambo ambalo huenda mkiwa ofisini hamlioni kwa urahisi. Baada ya ajali isiyo na kifo, kampuni inataka gari na mzigo viachiwe haraka, maana kila siku ya kusubiri ni hasara na mteja anapiga simu. Dereva anaambiwa na mwakilishi wa kampuni akubali kosa, faini italipwa, gari liondoke, mengine yatazungumzwa Dar es Salaam. Anakubali, kwa kuwa anadhani anaisaidia kampuni yake na kwa kuwa hana wakili wala mtu wa kumshauri. Wiki mbili baadaye kukubali kule kunawekwa mezani kama ungamo lake: si ulikiri mwenyewe? Nimekaa kwenye vikao ambavyo karatasi ya faini ndiyo ilikuwa ushahidi pekee wa mwajiri, na aliyeilipa faini hiyo alikuwa mwajiri mwenyewe.

Sasa sheria inasemaje? Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haiko kimya hata kidogo. Inamruhusu mwajiri kukata mshahara kwa ajili ya hasara, lakini kwa masharti: hasara iwe imetokea kazini na kwa kosa la mfanyakazi, mwajiri amweleze kwa maandishi chanzo cha deni, kiasi chake na jinsi kilivyokokotolewa, mfanyakazi apewe nafasi ya kutosha ya kupinga chanzo, kiasi au hesabu hiyo, deni lisizidi hasara halisi, na makato yote ya namna hiyo yasizidi robo ya mshahara wake wa fedha taslimu. Mfanyakazi awe pia amekubali makato hayo kwa maandishi. Mtu akisoma masharti haya kwa utulivu ataona kwamba walioyaandika walikuwa wanaifahamu vizuri hatari ya mwajiri kujilipa mwenyewe kwa hukumu yake mwenyewe.

Tupige hesabu. Tuseme dereva analipwa mshahara wa shilingi 600,000 kwa mwezi na anadaiwa shilingi milioni 18 za kutengeneza kichwa. Robo ya mshahara wake ni shilingi 150,000, na kwa kiwango hicho deni litamalizika baada ya miezi 120, yaani miaka 10. Hakuna mwenye lori atakayekubali kusubiri miaka 10, kwa hiyo kinachofanyika ni kukata nusu ya mshahara, au wote, na kumwacha dereva aishi kwa posho ya safari. Posho hiyo ni fedha ya kula njiani, ya kuegesha gari usiku na ya kulipia pancha. Dereva anayeilisha familia kwa posho atalala chini ya tela, hatakula vizuri, na atakimbiza gari ili awahi safari nyingine kwa sababu posho inalipwa kwa safari. Makato yanayodaiwa kuwa ni ya kuwafundisha madereva uangalifu yanazalisha dereva mchovu mwenye haraka, na dereva huyo anakutana barabarani na watoto wenu na wa kwangu.

Kuhusu kuachishwa kazi, sheria hiyo hiyo inamtaka mwajiri ndiye athibitishe kwamba sababu ilikuwa halali na utaratibu ulikuwa wa haki. Kanuni za utendaji bora zilizotolewa kwa Tangazo la Serikali Na. 42 la mwaka 2007 zinaeleza utaratibu wenyewe: uchunguzi ufanyike kwanza, tuhuma ziandikwe kwa lugha ambayo mfanyakazi anaielewa, apewe muda wa kujiandaa usiopungua saa 48, na awe na haki ya kusindikizwa na mwakilishi wa chama cha wafanyakazi au mfanyakazi mwenzake. Nimewaona madereva wakipewa barua ya tuhuma kwa Kiingereza asubuhi na kuhojiwa mchana. Na asiyeridhika ana siku 30 tu za kupeleka shauri lake Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Siku hizo zinamwishia aliyevunjika nyonga akiwa wodini Mbeya, zinamwishia aliye mahabusu, na zinamwishia yule anayeambiwa kila Jumatatu arudi Jumatatu ijayo kwa kuwa suala lake linashughulikiwa.

Mkataba nao. Sheria inataka uwe wa maandishi, na inasema mwajiri akishindwa kuuonyesha katika shauri, mzigo wa kuthibitisha au kukanusha masharti yanayobishaniwa ni wake. Aprili 2015 madereva wa mabasi na malori waligoma nchi nzima, na mikataba ya ajira ilikuwa moja ya madai yao makubwa. Hadi leo wapo madereva wanaosaini karatasi siku ya kuajiriwa na hawapewi nakala, na miongoni mwa karatasi hizo imo moja isiyojazwa kiasi wala tarehe, yenye maneno kwamba mhusika anakiri kudaiwa na kampuni. Inakaa kwenye faili ikisubiri ajali. Ridhaa ya deni ambalo bado halijatokea si ridhaa, na ninaomba ofisi ya Kamishna wa Kazi itamke hivyo waziwazi.

Kuna pia swali la bima, ambalo dereva akiliuliza huonekana mkorofi. Ikiwa gari lina bima kubwa, ile inayolipia pia uharibifu wa gari lenyewe, na kampuni ya bima imelipa matengenezo, hasara halisi ya mwenye gari ni ile sehemu ambayo bima haikuilipa. Kumkata dereva gharama yote ya matengenezo huku bima imeshalipa ni kulipwa mara mbili kwa ajali moja. Hii ndiyo sababu sheria imesema deni lisizidi hasara halisi, na haiwezekani dereva ajue kama limezidi bila kuonyeshwa malipo ya bima. Upande wa majeraha, Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi uliwekwa ili mfanyakazi aliyeumia kazini alipwe bila kwanza kushinda kesi ya nani alikosea. Wapo madereva walioambiwa kwamba kwa kuwa ajali ni uzembe wao, kampuni haitapeleka taarifa kwenye Mfuko. Huko ni kumnyima mtu haki ambayo mwajiri hana mamlaka nayo.

Sijagusa saa za kazi, na nitazitaja kwa kifupi kwa sababu zinastahili barua yake peke yake. Sheria inaweka ukomo wa saa 12 za kazi kwa siku pamoja na muda wa ziada, na inataka saa 12 mfululizo za mapumziko kati ya siku moja ya kazi na nyingine. Uchunguzi wowote wa ajali usiouliza dereva alianza kazi saa ngapi na alilala lini mara ya mwisho haujachunguza. Vivyo hivyo ujumbe wa simu wa msimamizi anayemtaka dereva awe Tunduma kabla ya alfajiri ni sehemu ya ajali hiyo, na madereva wenzangu ninawasihi wasiufute.

Ajali kubwa inapotikisa nchi, Serikali hufanya inavyopaswa. Agosti 10, 2019, lori la mafuta lilipopinduka Msamvu mjini Morogoro na moto ukaua watu zaidi ya 100, Waziri Mkuu aliunda kamati ya kuchunguza. Kwa ajali ya kawaida iliyotokea saa nane usiku kwenye kona ya mbali, ambayo shahidi wake ni dereva na tingo wake, hatuombi kamati. Tunaomba mtu mmoja mwenye ujuzi asiyelipwa na mwenye gari.

Kwa Kamanda wa Kikosi cha Usalama Barabarani, ombi letu ni kwamba gari la kibiashara lililopata ajali ya kupinduka, ya kufeli breki au ya kugongana lisiachiwe kwa mwenyewe wala kufunguliwa spea mpaka mkaguzi wa magari amelikagua na kupiga picha mifumo ya breki, usukani na matairi ya kichwa na tela pia, na kwamba nakala ya ripoti hiyo pamoja na ramani ya ajali apewe dereva kama anavyopewa mwenye gari na kampuni ya bima. Askari wanaoandika maelezo wamweleze dereva kwamba kukubali kosa kuna matokeo zaidi ya faini.

Kwa LATRA, ambayo imeshaonyesha katika mabasi kwamba mwendo wa gari unaweza kufuatiliwa na mamlaka badala ya mwenye gari peke yake, tunaomba taarifa za vifaa vya kufuatilia malori zihifadhiwe bila kuguswa tangu ajali itokee hadi mgogoro uishe, na dereva anayetuhumiwa apewe taarifa nzima ya safari. Tunaomba pia kila lori la masafa marefu liwe na kitabu cha kasoro chenye karatasi ya nakala: dereva anaandika ubovu alioukuta kabla ya kuondoka, msimamizi wa yadi anasaini kwamba ameuona na nini kimefanyika, nakala moja inabaki kwa dereva. Gharama ya kitabu hicho ni ndogo kuliko tairi moja ya tela, na kingemaliza nusu ya mabishano ninayoyaona, mengine kwa kumtetea dereva na mengine kwa kumtetea mwajiri dhidi ya dereva anayezusha ubovu baada ya ajali.

Kwa Mheshimiwa Waziri na Kamishna wa Kazi, tunaomba waraka kwa waajiri wote wa sekta ya usafirishaji unaorudia masharti ya makato kwa Kiswahili chepesi, unaotangaza kwamba karatasi za deni zilizosainiwa kabla ya hasara kutokea hazina nguvu, na unaokataza kushikilia leseni au pasipoti ya dereva kama dhamana ya deni. Kisha tunaomba maofisa kazi waende kwenye yadi, wafungue mafaili, walinganishe makato na mishahara. Wakifika bila kutoa taarifa wataona mambo ambayo dereva mmoja mmoja anaogopa kuyasema akiwa bado anahitaji safari ya wiki ijayo.

Kwenu wamiliki wa malori nina maneno mengine. Ninajua kwamba si wote mlio na malori mia. Wapo wenye gari moja lililonunuliwa kwa mkopo wa benki, ambao ajali moja inawaweka hatarini kupoteza nyumba waliyoiweka rehani, na hasira yao dhidi ya dereva ninaielewa. Lakini dereva aliyesingiziwa hawezi kulipa lori, mtamfukuza au atatoroka, na ubovu uliosababisha ajali utaendelea kutembea chini ya gari jingine la kampuni hiyo hiyo. Tajiri anayetaka kujua ukweli wa ajali yake anapata faida ambayo makato hayawezi kumpa: anajua ni fundi gani ambaye kazi zake zikaguliwe, ni mteja gani anapakia vibaya, na ni dereva yupi kweli asimkabidhi ufunguo tena. Wapo wanaofanya hivyo. Madereva wao hawaombi kuhama, na tunawajua kwa majina ya yadi zao.

Nisiwasahau walio nje ya mipaka. Dereva aliyepata ajali huko Kongo, kati ya Kasumbalesa na Kolwezi, anaweza kubaki mahabusu wakati kampuni imeshatuma kichwa kingine kuchukua mzigo, na ripoti ya polisi inayomhukumu kazini imeandikwa Kifaransa asichokisoma. Kampuni iliyomtuma nje ya nchi ilazimike kumpatia mtetezi huko na tafsiri ya ripoti hiyo kabla ya kikao chochote huku nyumbani, na balozi zetu zipewe taarifa ya ajali siku ile ile mwajiri anapoipata.

Baadhi yetu tumekusanya nakala za barua za makato, karatasi za madeni zisizojazwa na barua za tuhuma ambazo madereva wenyewe wameridhia zionyeshwe kwa mamlaka. Hatutazichapisha wala kutaja kampuni hadharani, kwa kuwa waliotajwa humo nao wana haki ya kusikilizwa. Tuko tayari kuzileta ofisini kwa Kamishna wa Kazi, Dodoma au Dar es Salaam, siku yoyote tutakayopangiwa, na tunaomba siku hiyo wawakilishi wa wamiliki na wa Kikosi cha Usalama Barabarani wawepo katika chumba kimoja na sisi.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Dereva wa masafa marefu,
Njia ya Dar es Salaam – Tunduma